Maji ya Mwili Huzoleka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Safari hii twawaandikia kutoka Kipkelion, mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, ambako tumeitwa kusomesha kwa miezi michache. Wazee waliosafiri kwa gari moshi zamani wataukumbuka kwa jina la Lumbwa, kwani ndivyo stesheni yake ilivyoitwa. Mji huu ni mtoto wa reli ile iliyoanza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ndiyo sababu mgeni wa pwani hajioni mpweke hapa. Adhana yasikika, Kiswahili chasemwa, na jirani huombana chumvi.

Jamaa zetu waliposikia twaja huku, walituhusia makoti. Walidhani nchi ya chai ni nchi ya baridi mwaka mzima, na kwamba baridi hiyo hufukuza maradhi. Baridi ya alfajiri ipo, hatukatai. Walakini kuanzia Januari hadi Machi jua la mchana huwaka kweli kweli. Chemchemi hupungua, na mto Kipchorian, unaoteremka kutoka upande wa Londiani kwenda kujiunga na Nyando, huanza kuonyesha mawe yake. Akina mama hutembea mbali zaidi kutafuta maji, na huko wayapatako, watu na ng'ombe hukutana mahali pamoja. Yale machache yanayofika nyumbani hubanwa: ya kupikia yatangulia, ya kunawa mikono yasubiri. Hapo ndipo matumbo ya watoto huanza kuendesha. Ni mambo yale yale tuyajuayo Mombasa, Malindi na Lamu wakati wa kaskazi, visima vinapokauka na nzi wanapozidi.

Sisi si matabibu, na hatutaki msomaji atuchukue hivyo. Lakini mwalimu wa madrasa huulizwa mengi, na katika miezi hii ya joto hapana swali tuliloulizwa na akina mama kushinda hili: mtoto akiharisha, tumpe nini na tumnyime nini? Tumelipeleka swali hilo kwa wajuzi, tumesikiliza, na tumeona kwa macho yetu. Jibu lake twaliweka mbele ya wasomaji wetu, kwa kuwa si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba maradhi ya kuhara huua takriban watoto 440,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka, na wengi wao wangeweza kuokolewa kwa vitu vipatikanavyo jikoni.

Siku moja tulifuatana na jirani zetu kwenda zahanati. Mtoto alikuwa wa miezi kumi na moja, mzito wa kilo nane hivi, na alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Macho yalikuwa yamezama, alilia bila machozi, na ngozi ya tumbo ilipofinywa ilirudi polepole. Nyanya yake, mwanamke mwenye heshima zake na aliyelea wengi, alikuwa ameamrisha mtoto asipewe chakula, ili tumbo lipumzike, bali apewe chai ya rangi, nzito na yenye sukari nyingi, ili tumbo lifunge. Katika nchi ya chai, nani ataishuku chai?

Muuguzi hakumgombeza mtu. Alichanganya pakiti ya ORS katika maji safi, akampa mama kikombe na kijiko kidogo, akamwambia amnyweshe mtoto kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Mtoto alitapika. Muuguzi akasema wangoje dakika kumi, kisha waanze tena, polepole zaidi. Alikuwa amekadiria kwamba mtoto wa uzito ule ahitaji kiasi cha mililita 600 katika saa nne, na kati ya vijiko hivyo anyonye ziwa la mamake kila atakapo.

Saa ya pili mtoto aliharisha tena, na nyanya akakosa subira. "Daktari," akasema, "mbona dawa hii haifanyi kazi? Tumbo bado halijafunga."

"Nyanya," akajibiwa kwa upole, "hii si dawa ya kufunga tumbo. Ni ya kurudisha maji. Tumbo litafunga lenyewe kwa siku zake. Kazi yetu ni kuhakikisha mtoto yungali nasi siku hiyo."

Maneno hayo tuliyashika, kwani ndani yake mna kosa kubwa la watu na dawa yake. Mzazi hutazama nepi, ilhali apaswa kutazama macho, ulimi na nguvu za mtoto. Maradhi haya aghalabu hayaui kwa uchafu ulio tumboni. Huua kwa maji na chumvi zitokazo mwilini bila kurudishwa. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika mambo ya dunia wamesadiki, lakini maji ya mwili wa mtoto huzoleka, maadamu mzazi ameanza mapema na hakuchoka. Mtoto yule alipofika saa ya nne alikojoa, akaushika mkono wa mamake, akataka kunyonya kwa pupa. Alirudi nyumbani jioni ile ile, bado akiharisha, lakini yu hai na mchangamfu.

Tulipokuwa njiani tulikumbuka Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akishitaki kwamba ndugu yake anaharisha. Aliamrishwa amnyweshe asali. Akarudi akasema hali imezidi. Akaamrishwa vile vile, tena na tena, hata mwisho mgonjwa akapona. Wanavyuoni wametoa mafunzo mengi katika kisa hicho. Sisi twalitaja moja tu: dawa haitupwi kwa sababu kikombe cha kwanza hakikuleta matokeo tuliyoyatarajia. Asali tunayo kwa heshima yake, lakini matabibu wameonya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyozaa sumu katika utumbo mchanga. Aliyekuja mbele ya Mtume alikuwa akimsemea ndugu yake, hakuwa akimsemea mtoto mchanga. Dawa ya mtoto mchanga iko kifuani kwa mamake.

Msomaji huenda akauliza, maji na chumvi na sukari, vitu rahisi hivi, vyawezaje kushinda maradhi makali? Hekima ya Mola imo katika utumbo wenyewe. Hata ukiwa mgonjwa, utumbo haupotezi mlango mmoja: sukari ikiingia kwa kipimo, huivuta chumvi pamoja nayo, na chumvi huyavuta maji. Sukari ikizidi, mlango hugeuka, na maji hutolewa mwilini badala ya kuingizwa. Ndiyo sababu soda, sharubati za dukani na ile chai yenye sukari nyingi huzidisha kuhara.

Jambo hili lilipata ushahidi mkubwa mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipovuka mpaka kuingia India na kipindupindu kikazuka kambini Bongaon. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wao wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Kambini pale vifo vilikuwa vimefikia hata 30 katika kila wagonjwa 100. Miongoni mwa waliotibiwa kwa maji yale havikufika 4. Baadaye, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12, kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru kwa vidole na viganja vyao. Wengi wa akina mama hao walikuwa Waislamu kama nyinyi, na wengi hawakujua kusoma. Elimu hiyo iliingia mikononi mwao ikabaki.

Basi na tuseme yafaayo, kwa mpango.

La kwanza, maji. Pakiti ya ORS hupatikana zahanati na madukani pa dawa, na yafaa ikae nyumbani kabla ya ugonjwa kuja. Soma kilichoandikwa juu yake, kwani pakiti nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Maji yawe yamechemka yakapoa, au yametiwa dawa ya klorini. Mchanganyiko ukipitisha saa 24, umwagwe, ufanywe mwingine. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu visifure. Uonje kabla hujampa mtoto: ukiwa na chumvi kupita machozi, umwage. Kila baada ya kuhara, mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima, kadiri apendavyo. Dafu la kwetu pwani ni kinywaji chema na halina dhara, lakini chumvi yake ni chache, halishiki nafasi ya ORS.

La pili, zinki. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walishauri kwamba mtoto anayehara apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kila siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Mama asiviache kwa kuwa kuhara kumekoma siku ya tatu, kwani faida yake nyingine ni kumkinga mtoto kwa miezi inayofuata. Dawa za kufunga tumbo mtoto asipewe. Na dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe ovyo, kwani kuhara kwingi hakuponi kwazo. Hizo huamuliwa na tabibu.

La tatu, chakula, na hapa ndipo tungependa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo nyumba zetu zinapokosea zaidi. Tumbo halipumziki kwa njaa. Utumbo uliochubuka hujirekebisha kwa chakula, na mtoto anyimwaye huamka dhaifu, na udhaifu huo humkaribisha kuhara kwingine. Mtoto alishwe, kidogo kidogo na mara nyingi, kila saa tatu au nne, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku muda wa wiki mbili.

Alishwe nini? Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha mgonjwa na aliyefiwa wapikiwe talbina, nayo ni uji wa shayiri. Basi uji ni chakula cha mgonjwa tangu zamani, na sisi tumejaaliwa wimbi, mtama, mahindi na mchele. Hapa Kipkelion tumeona akina mama wakiacha uji wa wimbi uchachuke usiku kucha, kisha wakaupika. Watafiti wa Tanzania waliochunguza uji wa namna hii, ambao huko huitwa togwa, waliona kwamba uchachu wake huzuia vijidudu vya kuhara. Wataalamu wa huko walihimiza tangu miaka ya 1980 matumizi ya unga wa kimea: wimbi likalowekwa, likaota, likaanikwa, likasagwa. Kijiko kimoja kikitiwa katika uji mzito ungali vuguvugu, uji hulegea bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo hupata nguvu zaidi katika kikombe kile kile.

Mama mmoja alituuliza kwa haya, "Maalim, kimea si ndicho wanachofanyia pombe majirani?" Swali lake lilikuwa zuri, nasi twalijibu kwa wote. Kilichoharamishwa ni kilevi. Nafaka iliyoota si kilevi, kama zabibu zisivyokuwa kilevi kwa kuwa mvinyo hutoka kwazo. Uji upikwe na unywewe siku yake, wala usiachwe ukageuka. Vivyo hivyo maziwa ya mursik, wanayoyahifadhi Wakipsigis katika vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet: yamechachuka, hayalevyi. Maziwa ya mgando yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa ni mepesi kwa tumbo la mgonjwa aliyepita mwaka mmoja kuliko maziwa mabichi, kwani uchachu umekwisha kupunguza ile sukari ya maziwa ambayo utumbo mgonjwa hushindwa nayo.

Ndizi nazo zisisahauliwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Bangladesh ulionyesha kwamba ndizi mbichi zilizopikwa zikapondwa huwasaidia watoto ambao kuhara kwao kumekawia. Wali laini, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mchuzi wa kuku usio na mafuta mengi, parachichi lililoiva, vyote vyafaa. Pilipili, vya kukaangwa na vyenye sukari nyingi vingoje.

Kuhusu mtoto mchanga, kuna dhana inayozidi nguvu wakati wa joto: kwamba ana kiu, apewe maji. Maziwa ya mama zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni maji. Aliye chini ya miezi sita hahitaji tone la maji mengine hata jua likiwaka vipi, kwani tone hilo ndilo hupitisha ugonjwa. Akiharisha, anyonyeshwe zaidi na apelekwe zahanati, nako wakimpangia ORS apewe. Mwenyezi Mungu ameitaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na haikutajwa bure. Alishwaye kwa chupa, heri abadilishiwe kikombe na kijiko, ambavyo huosheka.

Tumesema ya tiba, na kinga ni bora kuliko tiba. Mtume (s.a.w.) ametufunza kufunika vyombo usiku, kutotia mkono chomboni baada ya usingizi kabla ya kuuosha, na amewaonya vikali wanaojisaidia penye maji, njiani na kivulini. Tuyatekelezapo haya kwa sabuni na maji, tumeziba njia nyingi za maradhi haya. Katika joto, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikibaki, kihifadhiwe penye baridi, na kikipashwa moto kichemke hadi ndani. Wali na pilau vyataka hadhari zaidi, kwani vikilala nje huzaliwa sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Sahani ngapi za pilau ya harusi zimelaliwa na usiku, zikaamkia kifungua kinywa cha watoto?

Na tangu 2024 Ramadhani yetu imekuwa ikianza Februari au Machi, ndani ya joto lenyewe. Futari hupikwa alasiri, hukaa mezani, kisha hungoja daku. Sharubati hutengenezwa kwa maji yasiyochemshwa na barafu isiyojulikana imetoka wapi. Akina mama, tuyaangalie hayo. Na anayehara asijikalifishe na saumu: Mola wetu amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Mama anyonyeshaye mwenye kuhara hukausha miili miwili kwa mara moja.

Mwisho wa mambo ya nyumbani ni kujua mpaka wake. Damu ikionekana kinyesini, mtoto akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, akilegea na kulala mno, macho yakizama, utosi ukibonyea, homa ikipanda, au kuhara kukipita siku 14, asingojewe. Aliye chini ya miezi miwili apelekwe mara moja tumbo liharapo. Vivyo hivyo mtu yeyote anayetoa maji mfano wa maji ya mchele, kwani hicho chaweza kuwa kipindupindu. Njiani aendelee kunyweshwa. Na chanjo ya rota, ambayo imetolewa kwa watoto wa Kenya tangu Julai 2014, isikoswe katika wiki zake.

Nyumba nyingi twazijua zina ubani, zina udi, zina kahawa ya wageni. Twaziomba ziwe pia na pakiti mbili za ORS kabatini, na kijiko kimoja cha kipimo ambacho hakipotei. Na katika madrasa zetu, binti aliyekwisha jua kutia udhu na afundishwe vile vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kaka yake naye afundishwe, kwani maradhi hayachagui saa ambayo mama yuko nyumbani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awakuze watoto wetu katika afya na dini, atuteremshie mvua ya kheri isiyo na madhara, na aijaalie elimu hii ndogo iwe yenye manufaa kwa aliyeandika na aliyesoma.

Wabillahi tawfiq.